Umelipia picha, hakimiliki ni ya nani?

Risiti ya mpiga picha si hati ya umiliki. Anayelipia picha za harusi analipia kazi ya siku ile na nakala atakazokabidhiwa. Haki ya kuzirudufu, kuzichapisha na kuziuza, yaani hakimiliki, ni jambo jingine, na katika nchi nyingi hubaki kwa aliyezipiga. Haki hiyo huzaliwa papo hapo picha inapopigwa, bila kusajiliwa na bila alama ya ©, kwa sababu Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hauruhusu ifungwe na masharti ya namna hiyo. Kamera kuwa ya mtu fulani nako hakumpi chochote.

Mpiga picha aliyeajiriwa akipiga ndani ya kazi yake, kwa kawaida mwenye haki ni mwajiri. Kwa wanaojitegemea, nchi hazifanani. Marekani, picha ya kuagizwa hubaki ya mpigaji mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini yake. Maneno ya mdomo hayahamishi. Kenya na Afrika Kusini ni kinyume: haki humwendea aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Australia humpa mwagizaji picha za matumizi ya binafsi au ya nyumbani. Uingereza imempa mpigaji tangu tarehe 1 Agosti 1989, lakini picha nyingi zilizoagizwa na kulipiwa kabla ya hapo ni za mwagizaji, jambo ambalo wanaoskani albamu za wazazi wao hulisahau.

Kwa hiyo usiiachie sheria ikuamulie. Andikeni kabla ya siku ya kazi. Maneno "haki zote ni za mteja" yana mtego: yanamnyima mpigaji hata kuonyesha kazi yake mwenyewe, na bei huwa imepangwa bila kuhesabu hilo. Mara nyingi mteja anachohitaji ni leseni tu, yaani ruhusa ya kuzitumia picha. Itaje matumizi (nyumbani, mitandaoni, matangazo), muda, eneo, kama ni ya kipekee, kama anaruhusiwa kuhariri, na kwamba inaanza malipo yakikamilika. Mfano: "Mpiga picha anabaki na hakimiliki. Mteja anaruhusiwa bila kikomo cha muda kuchapa na kusambaza picha hizi kwa matumizi yasiyo ya biashara." Faili ghafi (RAW, picha zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa) ziwe na kifungu chake, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Mpe mteja pia barua ya ruhusa ya kuchapa; bila hiyo baadhi ya maabara za kuchapa picha hukataa kazi inayoonekana ya kitaalamu.

Panapovuja zaidi ni kwa mpigaji wa pili. Ukimkodi mwenzako kwa siku moja bila karatasi, Marekani fremu alizopiga ni zake, nawe unampa mteja leseni ya kitu usichokimiliki. Msainishe kabla hajatoa kamera kwenye begi. Uvujaji mwingine: bibi harusi anampa mpambaji picha "aweke tu kwenye ukurasa wake". Hayo tayari ni matangazo, na leseni ya nyumbani haiyaruhusu.

Halafu kuna mwenye sura. Mpigaji kumiliki picha hakumpi ruhusa ya kutangazia biashara uso wa mtu. Idhini hiyo huombwa kwa fomu yake. Uingereza hata huenda mbali zaidi: aliyeagiza picha kwa shughuli za binafsi anaweza kuzuia isionyeshwe hadharani, ingawa hakimiliki si yake.