Coaster ya zamani na betri iliyokuwa ikifa upande mmoja

Coaster yangu ina injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, na umri wake sitaki kuutaja mbele za watu. Aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, pampu ya maji, taa za ndani na soketi za kuchajia simu. Mimi nimestaafu, mama watoto anapenda safari za Kondoa na Singida, na gesti zilishatuchosha. Tukainunua. Useremala wake hauna kasoro. Tatizo lilikuwa nyaya.

Betri ilikuwa inakufa. Siyo zote mbili, moja tu, na kila mara ile ya upande uleule. Mafundi niliowapelekea hapa Dodoma jibu lao lilikuwa moja: "Mzee, betri za siku hizi feki, nunua nyingine." Betri feki zipo, sibishi. Lakini betri feki haichagui upande wa kufia.

Nikanunua mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya bei ya kawaida. Coaster nyingi kutoka Japani, na yangu ni mojawapo, zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Nikawasha injini na kupima jumla: volti 28.2. Altaneta, yaani ile dinamo inayochaji betri injini ikizunguka, haina neno. Nikapima betri mojamoja. Ya kwanza 13.0, ya pili 15.2, wakati zilitakiwa zikaribiane. Ukipima jumla peke yake utaapa kwamba gari ni zima.

Vifaa vyote vya nyumbani mle ndani ni vya volti 12, na aliyevifunga alichomoa waya kwenye betri moja, basi. Madereva wengi hufanya hivyo wanapotaka redio ya volti 12 kwenye gari la volti 24. Redio ni mzigo mdogo, gari linavumilia kwa muda. Ukiongeza pampu, taa na simu za wajukuu, betri ile inanyonywa usiku kucha, na asubuhi altaneta haijui kwamba mmoja ana njaa. Yenyewe inaangalia jumla tu. Iliyoshiba inaendelea kulishwa hadi inachemka. Nilipofungua vizibo vya ile ya 15.2, maji yalikuwa yameshuka, sahani za ndani ziko wazi, na harufu ya yai viza imetanda. Ukiisikia harufu hiyo zima injini, na asiwepo mtu wa kuwasha sigara karibu, kwa sababu betri inayochemka inatoa haidrojeni.

Kijana mmoja wa umeme wa magari pale Majengo aliangalia namba zile kwenye mita, akacheka. "Mzee wangu, huu waya tuukate leo leo." Tukaukata. Tukafunga konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12, ambayo inachota kwenye betri zote mbili kwa pamoja, na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Vitu vya usiku vikahamia kwenye betri yao ya tatu, inayojazwa na paneli ya sola juu ya paa. Jua la Dodoma halina ubahili. Zile mbili za injini nilizibadilisha kwa pamoja, maana ukifunga mpya na chakavu kwa kufuatana unairudisha shida ileile kwa mlango wa nyuma.

Pampu ya maji ilibaki kuwa na kigugumizi, na kila ikinguruma taa zinafifia. Kwenye betri mita ilisoma 12.6, kwenye pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi, 10.8. Volti karibu mbili zimepotelea njiani. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi, pampu ikiwa inazunguka: upotevu karibu wote uko hapo. Waya wa ethi, ule unaounganisha hasi na bodi, ulikuwa umekazwa kwa skrubu juu ya rangi, na pembeni kuna kutu. Msasa mpaka chuma king'ae, boliti nene, grisi kidogo juu yake. Gharama yake haifiki sahani ya wali maharage.

Joto la injini lilinisumbua zaidi. Dodoma mjini linatulia, nikifika mwinuko wa Saranda kuelekea Manyoni sindano inapanda. Fundi wa kabla yangu alishaondoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, "ili maji yapite vizuri", dawa inayopendwa sana huku na ambayo mimi siikubali: injini inachelewa kupata joto lake asubuhi, na mlimani haisaidii kitu. Nikairudisha. Kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi nikakuta vumbi na mbegu za nyasi, nene kama blanketi. Kwa mbele huoni kitu, lazima umulike tochi kwa juu. Niliosha kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana presha kubwa inalaza mapezi, yale mabati membamba ya rejeta.

Ikapungua, haikuisha. Kilichobaki kilikuwa klachi ya feni, ile inayoikamata feni izunguke kwa nguvu injini ikipata joto. Injini ikiwa ya moto, uizime kabisa, kisha uzungushe feni kwa mkono: inatakiwa ikukatalie kidogo. Yangu ilizunguka huru. Nilipata nyingine, na mfuniko mpya wa rejeta, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ni presha ya mfuniko inayoyazuia. Maji ya kisima chenye chumvi siweki tena, natumia kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini.

Sasa Saranda napanda kwa gia ya tatu, sindano iko katikati. Kiyoyozi sijakigusa. Mama watoto alipoambiwa bei ya kompresa alinunua feni ya volti 12, tukaifunga kwenye konveta.