Sufuria ya Kwanza

Asubuhi tuliyofungua kibanda chetu cha chai mjini Kericho, sufuria ya kwanza ilikatika hata saa moja haijafika. Lita tano za maziwa, lita tano za maji, tangawizi mbichi iliyopondwa, vyote tulivitia pamoja vikiwa baridi. Maziwa yalipopata uvuguvugu yakajitenga, mabonge juu, maji chini. Tukamlaumu aliyetuletea maziwa, bure tu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kinachokiua ni moto. Sufuria ya pili tulianza na maji: gramu 150 za tangawizi zikachemka dakika tano, ndipo maziwa yakaingia, na yakatulia.

Majani tulitia gramu 90 baada ya kuchemka, tukayaacha dakika tatu, tukachuja, kisha chai ikaingia kwenye chupa. Majani yakisahauliwa ndani ya chupa, chai ya saa nne haimezeki. Tulikuwa tumepiga hesabu ya vikombe 50 vya mililita 200. Tulipata 45, kwani mvuke una fungu lake na majani yaliyolowa yana lake.

Lakini fahari yetu ilikuwa chai isiyo na maziwa, kwenye mabirika sita ya kioo. Kikaratasi cha ndani ya boksi kilisema gramu tatu kwa kikombe, dakika nne. Kipimo hicho ni cha majani mazima yaliyosokotwa. Sisi tulitia PD, chembe ndogo za majani yaliyopondwa, yakararuliwa na kukunjwa na mashine, jinsi viwanda vingi vya Kenya vinavyotengeneza chai nyeusi. Chembe ndogo hutoa rangi na ukali upesi. Wateja wetu wa kwanza, wengine wamechuma chai miaka na miaka, walionja, wakakunja uso, wakaomba maziwa. Chini ya kikombe kulikuwa na tope, maana chembe zilipenya wavu wa birika. Tulishuka hadi gramu mbili, dakika moja na nusu, na chujio la kitambaa.

Majani mazima nayo yalitoka mepesi, kwa sababu nyingine. Huko juu, karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na birika baridi la kioo huiba nyuzi kadhaa zaidi. Ikabidi kulisuuza kwanza kwa maji ya moto, kisha kumimina maji yangali yanatokota. Chai ya kijani ndiyo ya kusubiri hadi nyuzi 80.

Chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilileta balaa jingine: rangi yake imefifia kama maji ya kuoshea vyombo. Kamua limau na inageuka waridi. Kwa hiyo limau hukamuliwa mezani, mteja akiona. Maziwa usiyasogeze karibu.

Mwenye nyumba alipita saa nane, akasoma "Baa ya Chai" kwenye bango, akauliza leseni ya pombe iko wapi. Tulifuta neno baa siku hiyo hiyo. Kufikia jioni tulikuwa tumeuza vikombe viwili vya zambarau, na sufuria ya tatu ya chai ya maziwa ilikuwa imebaki mkwangu.