Fisi Kisimani

Februari 2009 nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, shule ya kata wilayani Kilosa. Wanafunzi 72, vitabu vya kiada 5. Watoto wale walikuwa wamesoma kwa Kiswahili miaka yote 7 ya msingi, halafu Januari wakakuta baiolojia, jiografia, hisabati, vyote vimegeuka Kiingereza. Kwenye kipindi changu walikuwa kimya kama maji mtungini. Walinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa, na mwandiko ule uliniuma, maana nilijua wengi wananakili wasichokielewa.

Usiku mmoja nikachukua manila na maka peni, nikaandika hadithi ya mistari 12. Fisi kaiba nyama, anakimbia nayo gizani. Sentensi fupi fupi. Mistari 4 ya mwisho nikaikunja na kuibana kwa pini.

Asubuhi nikaibandika ukutani. Zamu ikamfikia kijana wa benchi la nyuma ambaye tangu afike sikuwahi kusikia sauti yake. Akasoma kwa kukwamakwama: "He fell into the well." Nikamwomba atuambie maana yake.

"Fisi alianguka vizuri, Madam."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akainamisha kichwa. Lakini hakuwa amekosea kwa uzembe: "well" aliyoijua ni ile ya kujibia salamu kila asubuhi. Ulimi uliniwasha kumpa jibu. Nikajizuia.

"Endelea, baba. Mstari unaofuata."

"The water was cold." Akanyamaza. "Maji yalikuwa ya baridi." Akarudi mstari wa juu, midomo ikicheza bila sauti. Nikaona kidole chake kikigonga dawati, mara moja, mara mbili.

"Madam! Ni kisima! Katumbukia kisimani!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakaanza kugombania kusoma, wengine wamesimama juu ya mabenchi ili waione manila. Katika mwezi mzima wa sarufi sikuwahi kuona shingo zikirefushwa namna ile kwa ajili ya Kiingereza.

Kengele ya mapumziko ikagonga. Niliporudi kuchukua daftari langu nilimkuta yule kijana ukutani, pini mkononi, amekunjua ile mistari 4 ya mwisho. Amekwama kwenye "rope". Nikasimama mlangoni nisubiri aniulize. Hakuniuliza. Akarudi mstari wa juu, akaanza upya.