Stabilaiza ya mtumba, bushi mpya

Corolla yangu ya 110, ile ya injini ya 1500, haikuwa na stabilaiza ya nyuma. Dereva huzoea, lakini abiria wa nyuma hazoei. Njia ya Mazeras kwenda Kaloleni kupitia Rabai ina kona nyingi, na mamangu alikuwa akifika kichwa kinamzunguka. Shoki nilikuwa nimeshabadilisha na tairi ni nzima, bado gari lalala kila kona na pua yataka kutoka nje ya barabara.

Stabilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likilala, hujisokota na kulirudisha. Ukiifunga nyuma kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, sehemu ya uzito wa kona huhamia nyuma, tairi za mbele zikapata kushika vyema.

Yadi moja ya spea Shimanzi, Mombasa, ilikuwa nazo mbili, zote zimetolewa kwenye AE111, Corolla ya familia hiyo hiyo ya 110. Muuzaji alinihimiza ile nene: "Chukua hii ndugu yangu, gari halitalala tena." Nikapima kwa kalipa: nene milimita 16, nyembamba 14. Waona ni kitu kidogo, lakini ugumu wa chuma hiki hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hivyo hizo milimita 2 ni ugumu wa ziada wa karibu asilimia 70. Nyuma ikiwa ngumu kupita kiasi, masika ikilowesha lami pale Kibarani, mkia ndio utakaoteleza kwanza. Nikachukua nyembamba.

Pwani adui ni chumvi. Niliipiga brashi ya waya mpaka ikang'aa, nikakagua nyufa kwenye matundu ya ncha, na pale inapokaa bushi, ile raba inayoishikilia kwenye gari, nikapapasa kwa kidole, maana kutu ikishachimba hapo, raba italika upesi. Kisha praima na rangi nyeusi. Bushi na linki, vile vijiti vya kuiunganisha na upande wa magurudumu, nilinunua mpya, na hapo sibanii pesa kamwe. Chuma kisicho na ufa bado kina maisha. Raba iliyopigwa na jua yadini imeshakauka hata ikionekana nzima. Ndani ya bushi za stabilaiza nilitia grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha raba.

Tulibadilisha na bushi za mikono ya nyuma, vile vyuma vinavyoshikilia magurudumu. Nilipotaka kumaliza kukaza, fundi wangu wa Changamwe alinizuia: "Mwanangu, usikaze gari likiwa juu ya jeki." Raba ya bushi hizo imegandana na chuma, ukikaza mikono ikining'inia, gari likishushwa raba hubaki imesokotwa wakati wote, na haichukui muda kupasuka. Tukalisimamisha kwa magurudumu yote manne juu ya mbao nene, fundi akajilaza chini na spana, akakaza moja moja. Kutoka hapo moja kwa moja alaimenti, magurudumu yakanyooshwa.

Sasa kona za Rabai gari laingia limesimama, na usukani ukigeuka pua yafuata. Gurudumu moja la nyuma likidumbukia kwenye shimo, mtikisiko wafika upande wa pili zaidi ya zamani. Hilo nimelikubali, na mamangu pia.