Siku yangu moja na IST iliyokuwa inavuja oili

Saa 12:45 asubuhi. Sijafungua hata kufuli la kontena, mteja kashafika. Ni dereva wa teksi za mtandao, gari ni Toyota IST, na mkononi ana kipande cha boksi chenye doa jeusi la ukubwa wa sahani. "Fundi, hili nimelilaza chini ya gari usiku mmoja tu." Gereji aliyotoka wamemwambia oili sili ya nyuma ya krenki, yaani pete inayozuia oili isitoke pale injini inapoungana na giaboksi, imekufa, giaboksi ishuke, gari lilale siku mbili. Na bosi wake anataka hesabu kila jioni, gari liwe barabarani lisiwe.

Saa 1 na nusu. Kwanza nijue kinachovuja ni nini. Nimefuta tone kwa karatasi nyeupe: kahawia iliyokolea, harufu ya kuungua. Mafuta ya giaboksi yangekuwa na wekundu. Kwa hiyo ni oili ya injini. Dipstiki inasoma chini ya alama ya chini, na injini hii ya 1NZ inabeba kama lita 3.7 tu, kwa hiyo hapo hakuna ya kuchezea.

Nikafungua boneti. Jamani. Vumbi la Tabata limechanganyika na oili mpaka limekuwa uji wa ulezi. Ukiangalia chini, kweli, panapoungana injini na giaboksi pamelowa chapa. Ndiyo maana mwenzangu akasema sili ya krenki. Lakini oili haina adabu: inatoka juu, inateremka, upepo unaisukuma nyuma, inakuja kudondokea mahali ambapo haikutokea. Mimi siamini tone hata siku moja. Naosha kwanza.

Saa 2. Injini imepoa, vuguvugu tu. Nimechomoa hasi ya betri, kisha nikamwachia dogo kazi ya kufunika oltaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa hewa. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tunaweka akiba ya mifuko ya mkate. Dizeli kidogo kwa brashi kwenye uchafu mgando, sabuni ya maji, kuacha ilainike, halafu maji ya mpira wa kawaida. Petroli siigusi, niliwahi kuona boneti ikiwaka kwa cheche moja ya betri. Maji machafu tunayakinga kwa beseni na vumbi la mbao, jirani zetu wana mtaro ambao ukiziba tunalaumiwa sisi.

Saa 3 na nusu. Kuwasha, injini inamisi. Dogo alisahau kufunika koili moja, maji yamejaa kwenye shimo la plagi. Nimemwangalia, naye akaangalia chini. Kompresa, dakika kumi, imetulia. Kila fundi ameshapitia hapo, mimi mara mbili.

Saa 4. Sasa ndiyo raha yangu. Injini kavu, inang'aa, nikamtuma dogo dukani alete poda ya watoto. Tukaipuliza kuzunguka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kwenye kava ya mnyororo wa taimingi, swichi ya presha ya oili, vali ya VVT, ile ya oili inayorekebisha taimingi, ambayo pete yake ya mpira nayo hupenda kuvuja, na pale chini walipopalaumu. Dereva anacheka, anauliza kama tunaliogesha gari. Nikaliendesha mwenyewe hadi Segerea na kurudi, foleni na kila kitu, injini ipate joto la kweli.

Saa 5 na robo. Tochi ya simu na kioo kidogo nilichokifunga kwenye waya. Kava ya taimingi, nyeupe. Swichi, nyeupe. Kwenye kona ya tapeti kava upande wa giaboksi, mstari mweusi mwembamba kama wino, unashuka taratibu mpaka pale pale paliposemwa sili. Nilimwita dereva aje aone kwa macho yake. Hakusema kitu, aliupiga picha.

Lakini kwa nini gasketi ya hiyo tapeti kava imeshindwa? Nilitoa vali ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa injini kurudi kwenye hewa inayoingia kwenye injini. Nikapuliza upande unaotakiwa kupitisha: imeziba. Mvuke ukikosa pa kutokea, presha inatafuta mlango wake, na mlango huwa ni gasketi iliyochoka. Ukibadilisha gasketi peke yake, baada ya muda mteja anakurudia, safari hii na ndugu zake.

Bodaboda kaenda Gerezani kuleta vyote viwili. Sisi wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8. Gasketi ya zamani imekauka, niliikunja ikakatika kama kijiti. Chini yake kulikuwa na silikoni nyekundu ya mtu aliyepita, kapaka pande zote kama siagi. Kuikwangua bila kuangusha vipande ndani ya injini kulinila zaidi ya nusu saa. Silikoni ina mahali pake: tone dogo pale kava ya taimingi inapokutana na silinda hedi, kushoto na kulia, basi. Boliti za namba 10 nazikaza kwa zamu kutoka katikati, kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 10. Nguvu za mkono hapo hupinda kava.

Saa 10. Silikoni imepewa muda wake, oili imejazwa hadi alama ya juu, poda mpya, mzunguko mwingine hadi Segerea. Kona nyeupe. Dereva kaondoka saa 11 kasoro, kawasha programu ya teksi kabla hajatoka getini. Giaboksi halijaguswa.

Kopo la poda limebaki nusu. Dogo kaliweka kwenye begi lake, anasema la kwao limeisha tangu juzi.