Barakoa ya kroshia: nilivyoziba matundu

Kiangazi cha Tabora kina vumbi linaloingia hata ndani ya nyumba iliyofungwa, na binti yangu kifua humbana kila tukifagia uwanja. Barakoa za kroshia zinapendeza, ila zina matundu. Ukiinua moja juani utaona mwanga unapenya, na panapopenya mwanga vumbi nalo linapita.

Uzi wa sufu nimeuacha kabisa, unawasha na kutia joto. Nafuma kwa uzi wa pamba na sindano ya milimita 3, mishono mifupi iliyobanana. Hata hivyo, ubane vipi, ufumaji peke yake hautoshi. Kinga iko kwenye bitana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, basi ndani naweka mbili za khanga ya pamba. Khanga hiyo ifuliwe kwa maji ya moto na ikauke kabla ya kukatwa, la sivyo itasinyaa baadaye. Upande mmoja nauacha wazi kama foronya ili bitana itoke kufuliwa.

Kamba za masikioni za kufuma hurefuka, barakoa ikashuka puani. Nimetia lastiki nyembamba na kuizungushia uzi isikate ngozi. Mama mkwe, kwa sababu ya kilemba, anataka kamba za kufunga kisogoni, nami naona zinakaza vizuri zaidi.

Sasa tukimaliza kufagia, bitana ya nje imechafuka na ile inayogusa mdomo ni safi. Zote mbili nazifua jioni hiyohiyo.