Nishikie huyu mtoto

Kaka yangu alikuwemo kwenye MV Bukoba, ile meli ya abiria ya Ziwa Victoria. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, mi nilikuwa darasa la saba, na baba hakuweza kwenda kutafuta maiti peke yake basi akanichukua mimi. Sitaelezea sana tuliyoyaona huko. Miili ilipangwa mistari, imefunikwa mashuka meupe, na kazi yetu ilikuwa kufunua moja baada ya nyingine tuangalie sura, tufunike, tusogee. Kaka hatukumpata. Mpaka leo sijui kama yuko Igoma kwenye makaburi ya wale wasiotambuliwa au ziwa lilibaki naye.

Msiba wenyewe ulijaa watu, tulilala chini kwenye mikeka tumebanana na majirani na mashangazi kutoka Muleba, na cha ajabu zile siku mi nililala vizuri tu. Matanga yalipoanuliwa watu wakarudi makwao, na hapo ndo mambo yakaanza. Usiku nikawa nashtuka nimeloa jasho, na shuka jeupe likianikwa kwenye kamba uani nazunguka nyuma ya nyumba nisipite pale. Nyumbani hakuna aliyemtaja kaka, baba hataki, mama akisikia jina lake anaingia chumbani.

Sasa mwaka 2003 binamu yangu anaoa Sengerema, na kutoka Mwanza kwenda Sengerema kipindi hicho maji hayakwepeki, ama upite Busisi ama Kamanga, lile daraja kubwa la Kigongo-Busisi lilikuwa bado halijajengwa. Nikapanda feri ya Kamanga asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa maji, nikakaa katikati kabisa karibu na magari nisiyaone, na kweli tuliondoka vizuri. Ila upepo ulikuwa mkali, na mbele yangu kuna bibi mmoja alikuwa amelaza mtoto kwenye benchi, na ili asipigwe na baridi akachukua shuka jeupe akamfunika mwili mzima mpaka kichwani.

Aisee. Mwili wangu uliondoka kabla yangu. Miguu ikafa ganzi, kifua kikabana, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, na ile harufu ya kule tulikofunua mashuka ikaja kabisa puani wakati pale hakuna kitu zaidi ya dizeli na dagaa. Miaka mingi baadaye nikiwa chuo cha uuguzi ndo nikaja kuelewa kilichotokea. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, yenyewe ndo mlinzi, ikiona kitu kinachofanana na hatari haisubiri uhakika inapiga kengele, homoni za mshtuko zinatoka, adrenalini inamwagika, kotisoli inafuata. Sehemu nyingine, hipokampasi, ndo inatakiwa iseme hii ni leo, ile ilikuwa 1996, hapa ni Kamanga. Kwa mtu aliyeumizwa vile, hiyo sauti ya pili inafika dhaifu au inachelewa, kwahiyo kwangu ile haikuwa kukumbuka, nilikuwa niko kulekule na mkono wangu umeshika pindo la shuka.

Yule bibi akaniangalia. Akasema, "Hujambo mwanangu?" na mi nikashindwa kumwamkia. Hebu fikiria mtoto aliyelelewa Mwanza anashindwa kumpa mzee shikamoo, mdomo unafunguka hakitoki kitu, niliona aibu kubwa sana. Kumbe mwaka uleule wa 1996 watafiti kule Boston waliwachunguza ubongo watu 8 wenye kiwewe huku wakisomewa habari za yaliyowapata, wakakuta upande wa hofu umewaka na eneo la Broca, linalotengeneza maneno, limefifia. Nilivyosoma hivo niliweka karatasi chini nikalia, maana niliishi na ile aibu muda mrefu.

Bibi hakuniuliza tena. Akafunua shuka, akambeba yule mtoto, kasichana ka kama mwaka hivi, kamelegea kwa usingizi, akaja akakaa ubavuni kwangu akaniwekea kifuani. "Nishikie huyu mtoto." Basi. Afu akaanza kunipapasa mgongoni kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebembeleza.

Mtoto alikuwa wa moto. Anapumua. Nilikuwa namsikia pumzi zake shingoni na mi bila kuamua nikaanza kupumua taratibu nisimwamshe, na pumzi ikitoka ndefu ule mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi unapunguza mapigo ya moyo, hiyo ni kazi yake. Na kwenye ngozi yenye vinyweleo tuna nyuzi za neva ambazo zinapenda mguso wa taratibu, kama sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, tena mguso wenye joto la mwili, ukipeleka haraka au polepole kupita kiasi zinaitika kidogo. Bibi hakupimiwa na mtu, alilea tu.

Kuna utafiti wa James Coan wa Virginia, 2006, nauwaza sana. Aliwaweka wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakijua wanaweza kupigwa shoti ya umeme mguuni. Wakishikwa mkono na waume zao sehemu za hofu zilitulia, na kwa wale wenye ndoa nzuri zaidi zilitulia zaidi. Hata mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia, japo kidogo. Ndo maana nikawa naelewa ile mikeka ya msibani: hatukuambiana chochote cha maana, ila miili ya watu ilikuwa inaniambia nisilinde peke yangu.

Katikati ya ziwa sauti ikarudi. Neno la kwanza lilikuwa "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba baba, umepatwa na nini?" Nikamweleza. Yote, kaka, baba, mashuka, kwa mara ya kwanza tangu itokee, na mtoto wa watu kalala kifuani kwangu. Alikuwa anaitikia "mmh, mmh" tu, hakusema kazi ya Mungu, hakuniambia nijikaze mimi ni mwanaume. Mwaka 2000 wanasayansi New York walionesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa inakuwa laini kwa muda, yaani inaweza kubadilika, kabla ya kuhifadhiwa upya. Binadamu ni mambo mengi zaidi, sidai kwamba niliponyeshwa na feri moja, ila tangu siku ile shuka jeupe lina uzito wa mtoto ndani yake, na ule uzito unapumua.

Tulishuka Kamanga akachukua mjukuu wake akapanda gari la kwenda kwao, hata jina sikumuuliza. Kwenye harusi nilimkuta baba katangulia, usiku watu wakicheza nikamvuta pembeni nikamwambia, "Baba, nimemwota kaka tena." Alinyamaza muda, afu akaniambia na yeye huwa anamwota, mara nyingi anamwona bado mdogo amevaa sare za shule. Tulikaa pale mpaka muziki ukazimwa. Kurudi nilipanda feri pamoja naye, moyo ulienda mbio tena, mi nikamsogelea na yeye hakusogea.